Ng'ombe Waliobaki Mtoni

Makoko,
Musoma.
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Mpendwa shemeji Nicolaus,

Nakusalimu wewe na mama Agness na wote mnaolala chini ya bati lenu huko Mpanda. Naomba kwanza unijibu haya madogo. Ule mguu uliokuwa unavimba umetulia? Mahindi mmeshavuna? Agness aliniambia mlipata mvua nzuri mwaka huu, nikafurahi, maana huku kwetu ilikuja ikaondoka kama mgeni aliyekosea mlango.

Mimi ni mzima wa mwili. Presha inapanda na kushuka, dawa nakunywa. Consolata bado anafundisha Tarime, amepandishwa kuwa mwalimu wa taaluma, na kila Jumapili ananipigia simu kuniuliza kama nimekula. Nakula. Juzi Rebeka, jirani yangu wa ukuta, aliniletea samaki wawili wabichi aina ya ningu, nikawapika kwa nyanya na kuwamaliza peke yangu. Nimekuandikia hilo ili ukisikia watu wanasema nimekonda ujue kwamba si kwa kukosa chakula.

Nimechagua barua kwa sababu Agness amenieleza kuwa masikio yako yamepungua nguvu, hasa la kushoto, la upande wa matoazi ya ngoma zako, na kwamba kwenye simu siku hizi unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata kwa usilolisikia. Jambo la leo sitaki uliitikie hivyo. Tena kuna sababu ya pili. Kwenye simu ningekata katikati. Karatasi hainiangalii usoni.

Rambirambi yako niliipata mkononi kwa ndugu yenu Clementi siku ya tatu ya msiba. Asante. Kaka yako Baltazari tulimlaza Butiama, karibu na baba yenu, mzee Magesa, upande wa michongoma, na kaburi tumeliwekea saruji ili mvua isilibomoe. Wapo waliosema maneno kwamba mdogo wake wa damu hakuja kumwaga udongo. Mimi niliwanyamazisha. Ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini niliwanyamazisha upesi hivyo.

Samahani, nimeinuka kidogo. Kuna mbuzi dume nimemfunga hapa uani, na kila nikikaa anazunguka mti mpaka kamba inamkaba, kisha analia. Huyo mbuzi nitakueleza ni wa nini. Twende taratibu.

Mwezi wa pili alikuja hapa dada mmoja anaitwa Dorah. Anatoka Dar es Salaam, ila mama yake ni mtu wa Kisorya. Kazi yake ni kutafuta muziki wa zamani uliorekodiwa kwenye kanda, kuusafisha kwa mashine na kuutoa upya, kwenye santuri na kwenye simu pia. Aliikuta ile kanda ya bendi yenu, Mawimbi Bunda, kwa fundi viatu mmoja pale sokoni Bunda, akaisikiliza, akasema hajawahi kusikia bendi ya huku ikipiga wimbo mmoja kwa dakika ishirini. Akaulizia mpaka akafika kwangu.

Nilimpa chai. Aliniambia anataka kulitoa upya lile onyesho zima, santuri mbili ndani ya jalada moja, na kijitabu cha maelezo na picha zenu. Ile picha ambayo wewe umevaa shati la maua na Clementi amefumba macho nimeshampa. Kwa kuwa Baltazari hayupo, saini zinazotakiwa ni tatu: ya kwangu kwa niaba yake, ya Clementi na ya kwako. Ya kwangu na ya Clementi zipo. Yako ndiyo inasubiriwa, na kijitabu kinakwenda kuchapwa tarehe thelathini ya mwezi huu.

Kama ingekuwa saini tu, ningekutumia fomu kwa basi, nikalala.

Nicolaus, wewe unakumbuka Bunda. Julai ya mwaka themanini na nne, ukumbi wa ushirika, msimu wa pamba. Nyuzi za pamba zilikuwa zinaelea hewani ndani ya ukumbi, zikikaa kwenye nywele za watu. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, nimekalishwa juu ya gunia karibu na spika, na kila ulipopiga ngoma kubwa Consolata aliruka tumboni. Bendi nyingine zilikuwa zinapiga nyimbo kumi na tano mpaka watu wanafunga viatu. Nyinyi mlipiga nne. Watu walizoea kutania kwamba kwenye dansi la Mawimbi unaweza kuposa mwanzo wa wimbo na wimbo ukaisha una mtoto.

Na ule wa mwisho, Ng'ombe Wanavuka. Gitaa la Baltazari lilikuwa linafungua zizi alfajiri, polepole, mti mmoja baada ya mwingine. Besi ya Clementi ilikuwa ni yule fahali mzee asiyependa kuharakishwa. Mwendo ulibadilika mara tatu njiani, wachezaji wakakanyagana, wakacheka, wakaanza upya. Halafu mkafika mtoni, na wote wakanyamaza, ukabaki wewe peke yako. Ng'ombe wa kwanza akaingia majini. Akaingia wa pili. Kisha kundi zima. Nakumbuka mzee mmoja wa Ikizu aliyekuwa amekaa mbele alisimama, akanyoosha fimbo na kuanza kuwahesabu wakitoka ng'ambo ya pili, na ulipomaliza akawageukia watu na kusema wametoka wote.

Lakini kanda ilipotoka mwaka uliofuata, ng'ombe waliingia mtoni na sauti ikafifia. Hapo hapo. Hakuna aliyewasikia wakitoka. Wewe ndiye uliyebeba aibu yake. Ulikuwa ukipita sokoni Bunda wauza dagaa wanakuuliza, "Nicolaus, mamba wameshiba?" Ulicheka mara ya kwanza. Mara ya kumi hukucheka.

Siku uliyokuja Butiama kumuuliza kaka yako, mimi nilikuwa nyuma ya jiko, nimekaa kwenye kigoda namnyonyesha Consolata. Hukuniona. Ulisema, "Kaka, ng'ombe wangu wako wapi?" Naye akakujibu, "Nimewakata. Ulikuwa umerefusha mno." Mzee Magesa alikuwepo. Hukubishana. Uliweka vijiti vyako vya ngoma juu ya jiwe la kusagia, ukaenda kufunga begi. Tangu siku ile tumekuona mara moja, msiba wa mzee mwaka tisini na saba, ukakaa umempa kaka yako mgongo siku tatu nzima.

Sasa nasema, na nasema pole pole ili mkono usikimbie.

Hakukata Baltazari. Nilifuta mimi.

Unajua jinsi mambo yalivyokuwa miaka ile. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na kanda tupu ilikuwa mali ya kutunzwa sandukuni. Kanda moja ilirekodiwa mara tano. Baltazari hakuwa anavunja vile vimeno viwili vya plastiki vinavyokaa juu ya kanda, ambavyo ukivivunja kanda inakataa kurekodiwa tena. Alikuwa anasema kuvunja vimeno ni kuua ng'ombe anayekamuliwa.

Consolata alipotimiza wiki tatu, nilitaka mama yangu wa Suguti apate habari zake. Mama hakujua kusoma. Aliyekuwa akimsomea barua zangu alikuwa mke wa mwenyekiti, na kila nilichomwandikia mama kilijulikana kisimani kabla ya jioni. Kwa hiyo nikasema nitampelekea salamu za sauti, kama walivyokuwa wakifanya watu wengine, azisikilize kwa kaka yangu mwenye redio. Palikuwa na kanda mbili mezani, zote mbili Baltazari ameandika MAWIMBI kwa kalamu ya bluu. Moja ilikuwa ya mazoezi. Nilichukua nyingine. Nikabonyeza kile kitufe chekundu pamoja na cha kupigia, nikaongea.

Niliongea dakika tisa, Nicolaus. Nilimweleza mama mtoto amefanana na nani, amenyonya vipi, na kwamba uji wa ulezi alioniagiza ninywe nakunywa. Nilimwambia nimezoea kwenu, ingawa sikuwa nimezoea. Katikati Baltazari aliingia kutoka kuoga, akaona nimekaa mbele ya redio, akadhani ni mchezo, akainama na kumwamkia mama, akamwambia mjukuu wake ana vidole virefu vya kupiga solo. Alikuwa hajaiangalia kanda. Aliiangalia baadaye.

Aliisikiliza amesimama. Alipofika kwenye ng'ombe wanaingia majini na sauti yangu ikaja juu yao kusema shikamoo mama, alizima redio. Hakunipiga wala hakunifokea. Alikaa kitandani kwa muda ambao mtu angeweza kuchambua mboga, kisha akaniuliza, "Nani mwingine amesikia?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Niachie mimi."

Labda utauliza kwa nini asiseme tu kwamba mke wake amekosea. Wewe ni mtoto wa nyumba ile, unajua. Ngoma zako na lile gitaa la solo vilinunuliwa kwa fahali wawili wa mzee. Mke akiharibu cha mume wake, hiyo ni siri ya chumbani. Akiharibu kilichotoka zizini, hicho ni kikao cha ukoo. Na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameshasema mbele ya watu siku naletwa kwamba binti wa wavuvi ataweza wapi kutunza cha wafugaji. Nilikuwa na miaka ishirini, na mtoto wa wiki tatu mgongoni, na nilikuwa kweli nimepoteza ng'ombe. Baltazari aliona wakinikalisha kwenye kikao kile sitainuka.

Alidhani hasira yako ingekaa mwezi mmoja. Aliniambia hivyo. Akasema, "Nicolaus ni moto wa mabua." Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na kila ulipozidi kukaa kimya ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwake kusema, maana sasa angeonekana amekuonea mara mbili. Nami nilikuwa naamka kila siku nikiona kwamba leo tena hajasema, na leo tena sijasema. Siku ile nyuma ya jiko neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza. Nimekuwa nikilimeza mpaka nimezeeka nalo.

Jumanne.

Jana nilishindwa kuendelea. Niliinuka kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia asubuhi. Nilibandika maji ya ugali, nikaenda dukani kununua kiberiti ambacho ninacho, niliporudi sufuria imekauka na kuwa nyeusi. Rebeka alisema kwa ukuta, "Mama Conso, kama unataka kuuza nyumba, iuze, usiichome." Mbuzi naye alikuwa amekata kamba na kula mchicha wa Rebeka wote wa upande wa ziwani.

Niendelee.

Siku zote niliamini Baltazari aliitupa ile kanda. Lakini baada ya arobaini, tulipokwisha kugawa nguo zake, nilifungua lile sanduku lake la chuma la nyuzi za gitaa. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi wa solo, ilikuwepo. Na vimeno vyake vyote viwili vilikuwa vimevunjwa. Alivivunja baadaye, shemeji. Yule ambaye hakuwahi kuvunja kimeno cha kanda yoyote, alivunja vya ile, kilichobaki kisije kikafutwa tena na mtu yeyote, si ngoma zako wala salamu zangu.

Sikuisikiliza. Nilimpa Dorah aipeleke kwenye mashine zake, kwa sababu alisema kanda za dukani zimechakaa na anatafuta ya asili. Nilijua atakachokikuta. Nilimpa hivyo hivyo, kama mtu anayefungua mlango na kukimbia.

Alinipigia baada ya wiki mbili. Alikuwa ananiongelea kwa upole sana, kama unavyoongea na mgonjwa. Akasema amesikia sauti ya mwanamke na mtoto mchanga, je, ninaifahamu? Nikasema ni mimi. Akasema kwamba si lazima mtu yeyote ajue. Kilichofutwa hakirudi kwa mashine yoyote, lakini santuri inaweza kuishia pale pale ilipoishia kanda ya zamani, na kwenye kijitabu ataandika kwamba sehemu ya ngoma iliharibiwa na ukungu. Kanda nyingi zimeliwa na ukungu, akasema, na hakuna atakayeshangaa.

Nikasema ndiyo.

Nataka ulijue hilo pia. Sikuwa mwema tangu mwanzo. Nilisema ndiyo, nikashukuru, na niliona hata Baltazari angefurahi, maana siri yake imepata pa kulala. Wiki tatu nilikaa nayo. Kisha Dorah akanitumia karatasi za kijitabu nizisome kama kuna jina limekosewa. Ukurasa wa nne uliandikwa kwamba mpiga ngoma Nicolaus Magesa alipiga peke yake kwa dakika zaidi ya kumi, lakini kwa bahati mbaya sehemu hiyo imepotea kwa ukungu. Majina yote yalikuwa sawa. Nilisoma sentensi ile nikiwa nimesimama mlangoni, na sikuweza kukaa tena siku ile. Nilianza nikiwa mwizi wa ng'ombe wako kwa bahati mbaya. Ukungu ule ungenifanya mwizi kwa makusudi.

Nikampigia, nikamwambia afute ukungu. Akaniuliza sasa aandike nini. Nikamwambia anipe muda nimuulize mwenye ng'ombe.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Bunda kwa Clementi, maana sikuweza kukuambia wewe kabla ya kujaribu kumwambia mtu mwingine kwanza. Nilimkuta ameketi mbele ya mashine yake ya kusaga, amejaa unga mpaka kwenye kope. Nilimweleza yote bila kunywa maji aliyonipa.

"Shemeji," akasema, "yaani miaka arobaini nimemnunia marehemu kwa ajili ya salamu za mama mkwe?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka wenye mahindi wakageuka kuangalia. Kisha kicheko kikamgeuka, akafuta macho na unga ukawa tope. Akasema, "Alikuwaga ananiambia, Clementi wewe piga besi, mambo ya kukata niachie. Nilikuwaga nadhani ni majivuno."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema kosa la ukoo halizeeki. Mzee Magesa hayupo, mama mkwe hayupo, lakini kikao kipo, kwa sababu yeye yupo na wewe upo. Nikamwambia mbuzi nimeshanunua.

"Dume?"

"Dume."

"Basi bado Nicolaus tu," akasema.

Ndiyo maana ya huyu anayekula mchicha wa watu. Unaijua desturi yenu kuliko mimi: mbuzi wa kosa hachinjwi mpaka aliyekosewa amwekee mkono mgongoni. Hata kama ukoo mzima umekaa na moto umewaka. Nilimnunua Suguti, kwa watu wa kwetu, ili atoke nyumbani kwa mkosaji kama inavyotakiwa. Clementi amesema nikimpeleka Butiama mapema atanenepa. Mimi nataka nimuone kila siku. Ananisumbua, na afadhali anisumbue.

Alhamisi.

Jana jioni Consolata alikuja bila kuniambia. Nilikuwa sijamweleza neno hili kwa simu. Alikuja na simu yake kubwa, akasema Dorah amemtumia ile kanda iliyosafishwa, na kama mama yupo tayari tusikilize pamoja. Sikuwa tayari. Nilimwambia aiweke.

Shemeji, uko pale. Dakika ya kumi na tisa wanakoma wote na unabaki wewe, na ni safi kiasi kwamba nilisikia kiti chako kinalia. Ng'ombe wa kwanza akaingia. Wa pili. Kundi likaingia. Halafu ile tik ya kitufe, na msichana mmoja akasema shikamoo mama, mimi ni Jenoveva. Sikumjua. Ana sauti nyembamba na ana haraka, kama anayeogopa kanda itamwisha. Consolata alijisikia analia akiwa na wiki tatu, akaniangalia. Kisha Baltazari akaingia, na maji ya kuoga bado yanamdondoka, na akamwamkia mama.

Miezi minane nimekuwa nikijaribu kuikumbuka sauti yake kabla ya ugonjwa. Nilikuwa nakumbuka kikohozi tu. Sasa ipo.

Lakini si hilo nililotaka kukuandikia. Baada ya salamu zangu kanda haijaisha. Kuna tik nyingine, na ngoma zako zinarudi, zimebaki labda nusu dakika. Ni ng'ombe wa mwisho. Wanatoka. Unawasikia wanavyojikung'uta maji na wanavyopanda ukingo, na yule mzee wa Ikizu anapiga mluzi. Walivuka, Nicolaus. Walivuka wote, mimi nikiwa naongea.

Halafu watu wanapiga kelele, na wewe hukusikia kilichofuata kwa sababu vijana walikuwa wameshakubeba mabegani kukupeleka nje, nakumbuka shati lako lilivyokuwa limeloa. Baltazari alishika maiki. Nami nilikuwa pale juu ya gunia, lakini nilikuwa nimesahau mpaka jana. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, nimemwambia Consolata ayarudie mara tatu ili nisikosee.

Alisema, "Watu wa Bunda, hao ng'ombe ni wa mdogo wangu. Sisi wengine tulikuwa tunachunga tu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa anajua, tangu usiku ule ule. Ulipomuuliza ng'ombe wako wako wapi, alikuwa ameyaficha na maneno hayo pamoja nao, kwa ajili yangu. Ukitaka kukasirika, sasa unajua pa kuielekeza hasira. Mwachie kaka yako alale.

Mambo yanayosubiri neno lako ni haya. Dorah anasema unaweza kwenda studio, hata Mwanza, ukaipiga upya sehemu ile ukiwa na umri wako huu, na wakaiweka katikati, na kijitabu kiseme ukweli. Agness anasema mikono yako bado, kwamba unapiga meza wakati wa kusubiri chakula mpaka vikombe vinahama. Au santuri iishie mtoni kama zamani. Au waache kanda kama ilivyo, na salamu zangu ndani yake, na watu waambiwe zilifikaje pale. Clementi anataka iachwe. Anasema hakuna bendi nyingine duniani yenye wimbo ambamo ng'ombe wanavuka na bibi anapelekewa salamu za mjukuu wake.

Mimi ningependa sauti ya Baltazari ibaki. Nimeliandika ili usije ukaambiwa na mwingine. Lakini sina kura. Ng'ombe ni wako, na ukisema nitolewe, nitolewe, nakala yangu Consolata ameniwekea. Neno lako nitampelekea Dorah jinsi lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Hata ukikataa saini na kijitabu kisichapwe, nitajua nimekusikia.

Ila kwa mbuzi, shemeji, nakuomba. Hapo siwezi kumtuma mtu wala kusaini mahali. Huku mvua hakuna, barabara ni nzuri, na kutoka Mwanza ukipanda asubuhi unakula mchana Butiama. Njoo umwekee mkono mgongoni. Vijiti vyako vipo. Mzee aliviinua kutoka kwenye jiwe siku ile ile na kuvichomeka kwenye dari ya nyumba yake, na tulipoezeka upya Baltazari alivishusha kwa mikono yake mwenyewe, akavirudisha bati lilipokwisha kupigiliwa. Vimekuwa vyeusi kwa moshi, lakini havijaliwa na wadudu. Masikio yako yangali na nguvu kidogo, njoo usikie ile nusu dakika ukiwa umekaa karibu, na Clementi upande mmoja, na mimi nimekaa chini pale wakosaji wanapokaa. Sitaona vibaya. Nimechoka kusimama.

Nisalimie mama Agness, mwambie unga wa ulezi aliotuma kwa basi niliupata na nimeumaliza. Msalimie Agness na mumewe, na umshukuru kwa kunipa anwani yako bila kuniuliza ya nini. Clementi anakusalimu, na Consolata anamwamkia baba yake mdogo ambaye hajawahi kukaa naye meza moja. Rebeka pia, ingawa hamjuani, anasema uje upesi kabla hajapanda mchicha mwingine.

Mungu aliyekulinda barabara zote hizo akulinde na hii ya kurudi. Akuachie masikio mpaka uwe umesikia ulichopaswa kusikia. Nami anisamehe ukimya wangu, kama nawe utaweza.

Ni mimi shemeji yako, ambaye hata nilipokukosea sikuacha kukupenda,

Jenoveva.

Usipoweza kuja, siku moja mkisubiri chakula, uwaanzishe ng'ombe wako pale mezani na uwavushe mpaka ng'ambo. Wakishatoka wote, unikumbuke.